Timbwani Iko Ukurasa wa Ngapi?

Jua halijakaa juu, na mlangoni kwa mwakilishi wadi pameshajaa watu. Yuko mama aliyeshika karatasi ya karo, mwanawe amerudishwa nyumbani. Yuko mzee anayetafuta nauli ya kumpeleka mgonjwa ng'ambo. Wako mabarobaro wanaotaka jezi na mpira. Kibarazani wamekaa watu wawili kimya. Hao wamefiwa, na hawana haja ya kueleza mengi. "Mheshimiwa, tuna maiti nyumbani." Mheshimiwa anatia mkono mfukoni. Katika umati huo wote hakuna atakayemuuliza yuko kamati gani bungeni, wala alisimama upande gani siku makadirio ya kaunti yalipopitishwa.

Hali ni hiyo hiyo katika wadi zote 1,450 za Kenya, na tumeizoea hata tunaiona ndiyo kazi yenyewe. Mimi naona ndiyo inayolidhoofisha Bunge la Kaunti kuliko uhaba wa fedha au hila za wanasiasa. Tumemchagua mtu wa kutunga sheria na kuikagua serikali ya gavana, kisha tunampima kwa sanda, karo na jezi. Naye, kwa kuwa anataka kurudi, anashughulikia lile tunalompimia. Ile kazi nyingine, ambayo faida yake ni ya wadi nzima, inakaa bila mwenyewe.

Simlaumu mama mwenye karatasi ya karo. Shida yake ni ya leo, na bajeti ni jambo la mwaka ujao. Lakini inafaa tujiulize mazoea haya yametoka wapi, na bunge hili lenyewe linaweza nini.

Tuanze na lilivyo. Timbwani ni moja ya wadi tano za Likoni; nyingine ni Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Likoni yenyewe. Mombasa nzima ina maeneobunge sita na wadi 30, na kila wadi hupeleka mtu mmoja. Kifungu cha 177 cha Katiba kinaongeza wateule wa vyama: wanawake wa kutosha ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na wawakilishi wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo vijana na walemavu. Spika huchaguliwa na wawakilishi, ila yeye mwenyewe hatakiwi kuwa mmoja wao. Hapa Mombasa, Aharub Khatri alikikalia kiti hicho mwaka 2017 na akachaguliwa tena 2022. Gavana na mawaziri wake hawamo bungeni. Wao ndio serikali, bunge ndilo jicho la kuikagua serikali hiyo. Mwakilishi wadi hana ofisi ya kujenga barabara, hana trekta, hana hati ya malipo anayoweza kuitia saini. Anachomiliki ni kura yake, swali lake na kiti chake kwenye kamati.

Sasa linganisha na diwani wa zamani. Kabla ya uchaguzi wa 4 Machi 2013 nchi ilikuwa na mabaraza 175 ya miji na wilaya, na hapa kwetu lilikuwa Baraza la Manispaa ya Mombasa. Madiwani ndio waliomchagua meya kutoka miongoni mwao. Hivyo ndivyo Najib Balala alivyopata umeya mwishoni mwa miaka ya 1990. Kamati za madiwani ndizo zilizokuwa zikisimamia masoko, taka na vibanda moja kwa moja. Diwani alikuwa mtunga kanuni na mtekelezaji kwa pamoja, kwa hiyo ukimlilia taa ya barabarani hukukosea mlango. Udhaifu wake ulikuwa juu: waziri wa serikali za mitaa aliyeko Nairobi aliweza kuteua madiwani, na hata kulivunja baraza akaweka tume, kama Nairobi ilivyofanyiwa mwaka 1983. Fedha nazo zilikuwa haba, hata baada ya LATF, mfuko wa fedha za mabaraza, kuanzishwa mwaka 1999 na mabaraza yakaanza kupata asilimia 5 ya kodi ya mapato.

Na kabla ya hapo Pwani iliwahi kuonja kitu kikubwa zaidi. Katiba ya uhuru ya 1963 iliipa kila jimbo bunge lake, na Ronald Ngala ndiye aliyeongoza lile la Pwani. Halikudumu. Jamhuri ilipotangazwa tarehe 12 Desemba 1964, mamlaka ya majimbo yalikuwa yamekwisha kunyang'anywa. Kwa hiyo ugatuzi ulipokuja mwaka 2010 watu wa Pwani waliupokea kama deni la miaka mingi lililolipwa. Tukafuta jina la diwani, tukaweka mwakilishi wadi, lakini moyoni tukabaki na diwani wetu. Tunamwendea mwakilishi kwa shida za kidiwani, naye hana tena vifaa vya udiwani.

Ukivuka mpaka Lungalunga ukaingia Tanga, Tanzania, utamkuta diwani bado yupo. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kata, basi mipango ya kata inapita mikononi mwake. Lakini mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa fedha na watumishi, huteuliwa kutoka juu, na madiwani hawana uwezo wa kumwondoa kwa kura zao kama wawakilishi wetu wanavyoweza kuanza safari ya kumwondoa gavana. Mbali zaidi, kaunti ya Los Angeles nchini Marekani, yenye watu milioni 10, imeongozwa miaka nenda miaka rudi na bodi ya watu watano tu waliochaguliwa, wanaotunga kanuni, wanaopanga bajeti na wanaosimamia idara, yote wao. Novemba 2024 wapiga kura wa huko waliamua bodi iwe ya watu tisa, na mtendaji mkuu achaguliwe na wananchi wenyewe. Wanasogea kuelekea tulipo sisi tangu 2013. Mpango wetu si mbaya. Tumeuchukua bila kubadilisha namna ya kuutumia.

Kuna hesabu moja ambayo watu wa Likoni hatuizungumzi, na inauma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 250,358 Likoni. Wagawe kwa wadi tano: kila mwakilishi anabeba watu elfu 50 na ushei. Changamwe ilikuwa na watu 131,882 na wadi tano vile vile. Hapo mwakilishi mmoja anabeba watu elfu 26. Mvita, yaani Kisiwani, ni elfu 30 na ushei. Wastani wa kaunti ni elfu 40. Maana yake ni kwamba ndani ya bunge moja, sauti ya mkazi wa Changamwe ina uzito unaokaribia mara mbili ya sauti ya mkazi wa Likoni. Anayetuzidi kwa kupunjika ni Jomvu peke yake, yenye wadi tatu kwa watu 163,415. Bajeti inapogawanywa kwa hoja ya kila wadi kupata sawa na nyingine, hoja inayosikika kuwa ya haki kabisa, Likoni inapata kama nusu ya Changamwe kwa kila kichwa.

Mipaka hiyo ilichorwa mwaka 2012, na Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Mwaka 2024 ukapita bila mapitio, kwa sababu tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Tume itakapokuja kukusanya maoni kuhusu mipaka, hilo ndilo jambo la kwanza la kuipelekea kutoka upande huu wa maji, tena na takwimu mkononi.

Twende kwenye fedha, maana hapo ndipo nguvu za bunge zilipo na ndipo zinapopotelea. Mgao wa Mombasa kutoka serikali ya kitaifa umekuwa zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka, na juu yake kaunti hukusanya ada za kuegesha magari, kodi za ardhi na leseni za biashara. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka ratiba isiyobadilika. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha, inayoweka kiwango cha juu cha kila idara, huja kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe ni kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Sheria inataka, kwa kipindi cha miaka kadhaa, si chini ya asilimia 30 ya matumizi iende kwenye maendeleo.

Raia anayetaka zahanati au choo cha soko husikia habari za bajeti mwezi wa Juni, ikisomwa. Wakati huo pilau imeshapakuliwa. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema bunge likishapewa makadirio, haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu lolote kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Maana yake idara ikiombewa shilingi bilioni moja, wawakilishi wote wakikubaliana wanaweza kuhamisha milioni 10, basi. Kikao chenye uzito ni cha Februari, viwango vinapowekwa, na kingine ni cha Septemba, miradi inapotajwa kwa majina. Vikao hivyo havina mbwembwe, na mara nyingi havina watu. Mwakilishi anayejua kazi huwa anapigania zahanati yake Septemba. Asiyejua huja kupiga kelele Juni, akapigwa picha, mradi ukakosekana.

Bunge hilo hilo ndilo linalopitisha Mswada wa Fedha wa kaunti kila mwaka, unaoweka bei ya leseni ya kinyozi, ada ya kibanda, ushuru wa soko. Mama anayekaanga viazi karai kando ya barabara ya feri anaguswa na mswada huo kuliko sheria yoyote ya Nairobi. Sijui kwa nini makundi ya wafanyabiashara wadogo hayaoni huo kuwa uwanja wao.

Halafu kuna ukaguzi. Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti na kila kamati yake uwezo wa kumwita mtu yeyote, kumwapisha na kumdai nyaraka, kama Mahakama Kuu inavyoweza. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua vitabu vya kaunti kila mwaka, na ripoti ikifika bunge lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Mawaziri wa kaunti hawawezi kuanza kazi bila kuidhinishwa na bunge. Na theluthi mbili ya wawakilishi wakikubaliana, gavana anapelekwa mbele ya Seneti kujitetea. Hayo si maneno ya karatasi tu: Martin Wambora wa Embu alipelekwa mwaka 2014, mahakama zikamrudisha, lakini Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondoka moja kwa moja mwaka 2020.

Mombasa hatujafika huko, na sisemi tulipaswa kufika. Ninachosema ni kwamba tangu 2013, wakati wa Hassan Joho na sasa wakati wa Abdulswamad Nassir, gavana na walio wengi bungeni wametoka chama kimoja, ODM. Mwakilishi anayemkagua gavana anajua tiketi ya uchaguzi ujao inapitia wapi. Anajua pia kwamba mradi wa wadi yake unasubiri sahihi ya waziri yule yule anayetakiwa kumhoji. Ongeza foleni ya mlangoni kwake asubuhi, ambayo mshahara hauwezi kuimaliza, na utaelewa kwa nini wengi hutafuta urafiki na serikali kuliko kuikalia macho. Anayelishwa na mpishi hasemi chumvi imezidi. Tunaposhangaa maswali magumu hayaulizwi, tukumbuke kwamba sisi wenyewe tumemfanya mkaguzi awe mwombaji.

Basari, yaani karo inayolipwa na kaunti, imeonyesha vizuri jinsi madai ya mlangoni yanavyoitoa kaunti nje ya kazi yake. Katiba inazipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alipotoa waraka kwamba kaunti zisilipe karo bila mkataba rasmi na serikali ya kitaifa, wazazi walipigwa na butwaa, na jambo likaishia mahakamani. Ila swali lilikuwa halali. Kila shilingi ya karo ya sekondari inatoka kwenye kapu linalopaswa kuweka madawati ya chekechea, na mtoto wa miaka minne hana wa kumpangia foleni.

Kuna mambo ambayo watu wa Timbwani tungeyataja ya kwanza, na yote yana mikono mingi ndani yake. Feri ndiyo kubwa. Jedwali la Nne la Katiba linaitaja feri kwa jina miongoni mwa kazi za kaunti, likiacha kwa serikali ya kitaifa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Hata hivyo feri ya Likoni ilibaki chini ya shirika la serikali ya kitaifa, kisha ikawekwa chini ya Mamlaka ya Bandari. Wazee hawajaisahau 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa. Hospitali kuu ya rufaa iko Kisiwani, ni ya kaunti, lakini gari la wagonjwa kutoka Likoni likitaka njia fupi linasubiri chombo ambacho kaunti haikiendeshi. Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012 imeweka njia ya kudai kazi irudishwe au kusuluhisha mzozo. Bunge la Mombasa lina sababu kuliko bunge lolote nchini ya kuifuata njia hiyo mpaka mwisho, na wawakilishi watano wa Likoni ndio wa kuliongoza.

Maji nayo yanatoka kwa majirani: Mzima iko Taita Taveta, Baricho iko Kilifi, Marere na visima vya Tiwi viko Kwale. Shirika la serikali ya kitaifa ndilo linaloyaleta kwa jumla, kisha kampuni ya maji ya kaunti inayasambaza. Dumu la maji linapopanda bei kwenye mkokoteni, kila mmoja katika mnyororo huo anamnyooshea kidole mwenzake. Lakini kampuni ni mali ya kaunti, hesabu zake hukaguliwa, na bodi yake inaweza kuitwa mbele ya kamati. Hapo pana mlango ulio wazi kabisa. Ardhi ni ngumu zaidi. Shamba la Waitiki, ekari 930 hapa Likoni, halikutatuliwa na bunge la kaunti. Ilibidi serikali ya kitaifa iingie, na mapema 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hatimiliki. Lakini kupanga matumizi ya ardhi, wapi ipite barabara na wapi kiachwe kiwanja cha shule, ni kazi ya kaunti, na watu wakishajenga nyumba bila mpango hakuna mwakilishi atakayeweza kuzisogeza.

Usalama ni wa serikali ya kitaifa, na chifu ni mtu wake. La kuidai kaunti ni taa za mulika mwizi.

Limebaki suala la kusikilizwa. Kifungu cha 196 kinaliamuru bunge lifanye kazi wazi na liwashirikishe wananchi, na mahakama zimeonyesha si mapambo: Aprili 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu kwa sababu watu hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kila kaunti inahakikisha kikao kinafanyika. Namna kinavyofanyika ni jambo jingine. Tangazo hutoka siku chache kabla. Ukumbini viti vya plastiki vimepangwa, kipaza sauti kinakoroma, na afisa anasoma majedwali ya Kiingereza kwa watu ambao lugha yao ni hii unayoisoma. Nakala za makadirio ni mbili tatu, ziko meza ya mbele. Ukibahatika kuipata moja utakuta mstari umeandikwa kwamba kuna milioni kadhaa za ukarabati wa barabara, "wadi mbalimbali". Timbwani imo ndani ya hiyo "mbalimbali" au haimo? Hakuna anayesema. Watu wanatia sahihi daftari, wanakunywa soda, wanapewa nauli, wanatawanyika. Daftari hilo ndilo litakalopelekwa mahakamani siku moja kuthibitisha kwamba Timbwani ilisikilizwa.

Neno "mbalimbali" linapaswa kukataliwa. Mradi usiotajwa kwa jina la wadi, mahali na kiasi cha fedha hauwezi kufuatiliwa na mtu yeyote, na mwakilishi anayeupitisha hivyo amekubali kunyang'anywa jicho. Msikiti, kanisa, chama cha kina mama, maskani ya vijana, wote wana haki ya kisheria ya kupeleka ombi rasmi bungeni na kutaka kujibiwa. Karatasi moja yenye sahihi za watu mia mbili inayotaka mradi utajwe kwa jina ina nguvu kuliko watu mia mbili mmoja mmoja mlangoni alfajiri, kwa sababu ile ya kwanza inaingia kwenye kumbukumbu za bunge.

Tutaendelea kuzikana na kuchangiana, na mwakilishi akiwa jirani mwema atakuja matangani kama majirani wengine. Lakini mpango wa maendeleo unafika bungeni kufikia 1 Septemba, na makadirio kufikia 30 Aprili. Mwenye shida ya karo na mwenye shida ya nauli, twendeni pamoja wiki hizo kwa mheshimiwa, tukamuulize yuko kamati gani, na Timbwani iko ukurasa wa ngapi.